Kumtafuta babu ndani ya mikrofilamu: kutoka Jeppestown hadi Rungwe

Maelfu ya vijana kutoka Afrika Mashariki walikwenda Johannesburg kutafuta kazi, na baadhi yao hawakurudi. Katika mazungumzo yetu ya leo tunaeleza namna jamaa zao wanavyoweza kuzitafuta habari zao katika nyaraka zilizopigwa picha na kuhifadhiwa kwenye mikrofilamu.



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nazungumzia daftari ambalo lipo, lakini mwenye mali hajui limewekwa wapi. Mali yenyewe ni jamaa: babu au mjomba aliyetoka Rungwe, Songea au Nampula akaenda Joni, kama walivyouita wenyewe mji wa Johannesburg. Barua ikaja ya kwanza, pengine na ya pili, kisha kukawa kimya.

Tuanzie Jeppestown, mashariki ya katikati ya jiji hilo. Mtaa huu ulianza mwaka 1886, mwaka uleule Johannesburg ilipozaliwa. Kusini yake ulipita mkanda wa migodi ya dhahabu, ikiwemo Wolhuter na George Goch. Migodi hiyo imekwisha kufungwa, lakini majina yake yamebaki kwenye mabweni ya wafanyakazi wanaume. Jeppestown hadi leo ni mtaa wa wageni, na wamo wanaoishi huko wasiojua kwamba huenda babu zao walipita njia hizohizo.

Jambo la kwanza kwa mtafutaji ni kujua miaka. Shirika lililoajiri wafanyakazi wa migodi kutoka nje ya Afrika Kusini likijulikana kwa jina la WENELA. Mwaka 1913 serikali ya huko ilipiga marufuku kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo ya nyuzi 22, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi kutokana na nimonia. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1930. Kwa hiyo, ikiwa babu yako alikwenda katika miaka ya 1920, yaelekea alikwenda mwenyewe, pengine kwa miguu, na si busara kumtafuta kwanza katika karatasi za WENELA. Akiwa alikwenda katika miaka ya 1950 kutoka nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, hapo inafaa kuanza na shirika hilo. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ya Tanganyika ilikomesha uajiri huo.

Sasa tuje kwenye mikrofilamu yenyewe. Ni utepe wa filamu uliobeba picha ndogo mno za kurasa, ambazo husomwa kwa mashine yenye taa na lenzi. Mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa filamu za nasaba ni Kanisa la Wamormoni la Utah, Marekani, lililoanza kazi hiyo mwaka 1938. Kwa miaka mingi mtu wa Johannesburg alikwenda katika kituo cha historia ya familia cha kanisa hilo, akatafuta namba ya filamu katika katalogi, akalipa ada, akangoja majuma kadhaa hadi filamu ifike. Hakuruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Aliisoma palepale kituoni.

Utaratibu huo ulikoma mwaka 2017. Mwaka 2021 tawi la kanisa linaloshughulikia nasaba, FamilySearch, lilitangaza kwamba filamu zake zote, zipatazo milioni 2.4, zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Leo agizo la posta halihitajiki. Unafungua katalogi katika intaneti, unaandika jina la mahali, kwanza Jeppestown na kisha Johannesburg, na unatazama alama iliyo kando ya kila filamu. Nyingine hufunguka popote ulipo. Nyingine hufunguka tu ukiwa ndani ya kituo au maktaba shirika, kwa sababu ya masharti ya wenye nyaraka. Nyingi hazina faharasa ya majina, hivyo hupekuliwa ukurasa kwa ukurasa, kama zamani. Na kwa kuwa filamu moja yaweza kuwa na vitabu kadhaa, andika namba ya filamu, namba ya kitabu na namba ya picha kabla hujaendelea.

Je, ndani yake mna nini? Kwa Johannesburg, yapo makusanyo mawili yenye manufaa makubwa. Moja ni mafaili ya mirathi ya Transvaal, kuanzia mwaka 1869 hadi 1958, yaliyotoka kwa Msimamizi wa Mirathi wa Mahakama Kuu. Hazina iliyomo ni taarifa ya kifo: karatasi inayotaja jina la marehemu, alipozaliwa, wazazi wake, kazi yake, mke na watoto wake. Ukiipata hiyo, umepata vizazi vitatu kwa mara moja. La pili ni rejista za parokia za Kianglikana, ambazo asili zake ziliwekwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Jeppestown ina kanisa la zamani la Kianglikana, St Mary's the Less. Mtu wa Masasi au Likoma aliyelelewa na misheni ya UMCA angeweza kulitafuta kanisa la namna hiyo ugenini, akafunga ndoa au akabatiza mtoto. Aliyekuwa Mwislamu, bila shaka, hatumtafuti humo.

Wasikilizaji, hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanapekua mafaili ya mirathi, hawaoni jina, na wanahitimisha kwamba babu hakuacha alama. Lakini tatizo linaweza kuwa kwenye sheria. Kwa sheria ya mwaka 1927, mirathi ya Mwafrika aliyekufa bila wosia haikwenda kwa Msimamizi wa Mahakama Kuu. Ilipelekwa kwa Kamishna wa Wenyeji. Mzungu alikuwa na faili lake hapa, Mwafrika kule. Mahakama ya Katiba ilikuja kuubatilisha ubaguzi huo mwaka 2000. Kwa hiyo aliyepiga picha mafaili ya ofisi ya kwanza alipata Waafrika wachache tu. Sehemu ya mafaili ya Kamishna wa Johannesburg imo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Pretoria, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Jeppestown, na huko karatasi huombwa kwa namba ya kumbukumbu.

Mfano wa Durban unatufundisha jambo hilohilo. Kuanzia mwaka 1873 watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza waliteremshwa huko kutoka Zanzibar. Wengi walikuwa Wamakua, na vizazi vyao huitwa Wazanzibari hadi leo. Waliwekwa kwenye mikataba ya kazi chini ya afisa aliyesimamia vibarua kutoka Bara Hindi. Basi anayetafuta nasaba ya Mmakua wa Durban huanza katika nyaraka za Wahindi. Ndiyo kusema, usiulize tu babu yako alikuwa nani. Uliza pia karani alimhesabu kuwa nani.

Karani huyo aliandika alichosikia. Athumani aweza kuwa Osman, na mwingine akaandikwa Jim au Sixpence bila jina la baba. Mnyakyusa aweza kuwekwa katika kundi la watu wa Nyasa. Ndiyo maana kazi hii huanzia barazani kwa wazee, kabla ya mashine. Waulizeni: aliondoka mwaka wa njaa gani, na nani, alimtaja chifu gani, mgodi gani, dini gani? Kisha linganisheni na upande wa nyumbani. Vitabu vya wilaya vya Tanganyika, ambamo wakuu wa wilaya waliandika habari za koo na majina ya machifu, navyo vimo kwenye mikrofilamu. Kitabu cha wilaya ya Rungwe chaweza kukusaidia kulitambua jina la chifu ambalo karani wa Johannesburg aliliharibu.

Kwa nini tujisumbue? Kwanza, karatasi huweza kuwa haki. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi au kifua kikuu, na kwa wategemezi wa waliofariki, kwa waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi 1965 katika migodi iliyotajwa. Wengi wa Tanganyika walikwisha kuondoka kabla ya tarehe hiyo, lakini kwa familia za Msumbiji na Malawi, kumbukumbu ya kazi ya marehemu ilikuwa msingi wa madai.

Pili, mwezi Septemba mwaka huohuo wa 2019, maduka ya wageni yalivunjwa na kuchomwa Jeppestown, wenyewe wakiambiwa warudi kwao. Rejista haizimi moto. Lakini inashuhudia kwamba watu wa kaskazini walishuka chini ya ardhi ya mji huo, na baadhi yao wamezikwa humo.

Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka. Filamu zitangoja; wao hawawezi. Waulizeni sasa, na muandike.