Msomaji Mwenye Mkasi: Carl Theodor Dreyer na Maandishi Aliyoyageuza Filamu



Josefine Nilsson alikuwa mtumishi wa nyumbani, mzaliwa wa Uswidi. Tarehe 3 Februari 1889, mjini Copenhagen, alijifungua mtoto wa kiume nje ya ndoa, mbali na macho ya waliomfahamu. Mtoto alipitishwa mikononi mwa walezi hadi akachukuliwa na mpiga chapa mmoja na mkewe, naye akapewa jina lilelile la baba yake mlezi: Carl Theodor Dreyer. Mwaka 1891 Josefine alishika mimba nyingine ambayo nayo haikuwa na mtu wa kuipokea. Alijaribu kuitoa kwa sumu ya vichwa vya viberiti, akafa. Mwanawe aliijua habari hiyo akiwa tayari kijana, alipoanza kuulizia alikotoka.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu katika filamu za Dreyer namkuta mara kwa mara mwanamke aliyesimama mbele ya wanaume wenye mamlaka, akihojiwa, akipimwa, akihukumiwa. Hata hivyo naomba tusifanye haraka kusema kwamba huyu ni yatima aliyekuwa akimlilia mama yake kwa kamera. Maelezo ya namna hiyo hutufungia mlango mapema. Dreyer hakutunga hadithi ya maisha yake hata mara moja. Aliongoza filamu ndefu 14, na karibu kila moja imetokana na riwaya, tamthilia, hadithi au hati iliyoandikwa na mtu mwingine. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni jinsi alivyosoma, maana naamini kipaji chake kikubwa kilikuwa hapo: alikuwa msomaji aliyejua cha kukata.

Alianza kama mwandishi wa magazeti. Mwaka 1913 aliingia kampuni ya Nordisk, ambayo Ole Olsen aliianzisha mwaka 1906 na ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza filamu zake sehemu nyingi za dunia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika yale maneno yaliyoonyeshwa katikati ya picha za filamu bubu. Baadaye akawa anaandika miswada, na anasoma vitabu ili kuishauri kampuni ni kipi kifaacho kununuliwa. Fikirini shule hiyo. Unakabidhiwa riwaya ya kurasa mia nne na unatakiwa uitoe ikiwa picha chache na maneno machache, kila neno likihesabiwa kwa sekunde ambazo mtazamaji atalisoma. Dreyer alikaa katika kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya kuongoza filamu yake ya kwanza, Præsidenten, mwaka 1919, nayo ilitoka kwenye riwaya ya Karl Emil Franzos.

Filamu zilizofuata nazipita upesi, ingawa Mikaël ya mwaka 1924, iliyotokana na riwaya ya Mdenmark Herman Bang, ingestahili mhadhara wake peke yake. Iliyomfungulia njia ni ile ya mwaka 1925, kutoka tamthilia ya Svend Rindom, kuhusu mume anayemtesa mkewe kwa amri ndogondogo za kila siku mpaka yaya mzee anapoamua kumtia adabu. Filamu hiyo ilipendwa mno Ufaransa, na kwa sababu yake kampuni moja ya huko ikamwita atengeneze filamu ya mwanamke maarufu wa historia yao. Akamchagua Jeanne d'Arc.

Hapa msomaji wetu alionyesha msimamo. Kampuni ilikuwa imenunua haki za kitabu cha Joseph Delteil, kilichosimulia maisha ya Jeanne kwa lugha ya mbwembwe. Dreyer alikiweka kando karibu chote, akaenda kwenye kumbukumbu za kesi yenyewe ya Rouen ya mwaka 1431: maswali ya majaji na majibu ya binti asiyejua kuandika, yaliyochukuliwa na makarani wa mahakama na kuchapishwa upya na mwanahistoria Pierre Champion. Vita havimo, wala utoto wa kijijini, wala kutawazwa kwa mfalme. Kesi iliyochukua miezi aliikaza hadi ikaonekana kama siku moja. Kilichobaki ni nyuso. Renée Falconetti, aliyemwigiza Jeanne, hakupakwa vipodozi, na majaji nao hivyohivyo, kiasi kwamba chunusi na mikunjo ya ngozi inasomeka kama mwandiko. Ninaona filamu hii ya mwaka 1928 kuwa ushahidi kwamba hati ya mahakama, ikisomwa na mtu mwenye moyo, yaweza kuwa fasihi.

Yaliyoipata filamu yenyewe ni kisa kingine. Negativu yake iliungua Berlin mwaka huohuo. Dreyer akaunga nakala ya pili kutoka vipande vilivyobaki, nayo ikaungua. Kwa zaidi ya miaka 50 watu walitazama matoleo yaliyokatwakatwa, hadi mwaka 1981 nakala ya toleo la awali ilipokutwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo.

Baada yake ilikuja Vampyr, mwaka 1932, iliyochota kwa uhuru mkubwa kutoka hadithi za Sheridan Le Fanu wa Ireland. Watazamaji wa Berlin waliizomea. Dreyer aliugua kwa msongo, na kwa miaka mingi hakuongoza filamu ndefu. Katika kipindi hicho alifika ukanda wetu: mwaka 1934 alikwenda Somalia, iliyokuwa chini ya Waitalia, kutengeneza filamu iliyoitwa Mudundu. Akaugua, akarudi Ulaya, na wengine wakaimaliza bila yeye. Akarejea kwenye magazeti, mara hii akiripoti kesi za mahakamani. Mtu aliyekwisha kupiga picha kesi ya Jeanne sasa aliketi siku baada ya siku akisikiliza kesi za wezi na wagomvi wa Copenhagen. Sidhani miaka ile ilipotea.

Nasema hivyo kwa sababu ya filamu aliyorudi nayo, Vredens Dag, yaani Siku ya Ghadhabu, iliyoonyeshwa Copenhagen mwezi Novemba 1943 wakati majeshi ya Hitler yameikalia Denmark. Ilitoka kwenye tamthilia ya mwaka 1908 ya Hans Wiers-Jenssen wa Norwe, kuhusu Anne Pedersdotter, mwanamke wa kweli aliyechomwa moto kwa tuhuma za uchawi mjini Bergen mwaka 1590. Kikongwe mmoja anateswa na wachungaji hadi anakiri, na wachungaji wanaandika katika daftari kwamba amekiri kwa hiari yake. Wadenmark waliokaa katika giza la sinema mwaka 1943 hawakuhitaji kufafanuliwa. Dreyer mwenyewe alikana kwamba alikusudia kuwasema Wajerumani, na muda mfupi baadaye akaondoka kwenda Uswidi. Mimi naichukua kauli yake kama ilivyo. Alisoma tamthilia kuhusu karne nyingine kwa uaminifu, na wakati wake ukajiona humo wenyewe.

Sasa nifike kwenye Ordet, Neno, ambayo kwangu ndiyo kilele. Mtunzi wake, Kaj Munk, alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika parokia ya Vedersø, magharibi ya Jutland. Aliiandika mwaka 1925, na ikapanda jukwaani mwaka 1932. Munk aliwasema wakaliaji wa nchi yake kutoka mimbarini, na tarehe 4 Januari 1944 Gestapo walimchukua nyumbani kwake wakamuua kwa risasi barabarani karibu na Silkeborg. Dreyer alipoitengeneza filamu hii, alikwenda kupiga picha za nje Vedersø kwenyewe.

Kisa ni cha familia ya mkulima mzee Morten Borgen. Mwanawe wa kati, Johannes, amerukwa na akili na anajiona kuwa Kristo. Mke wa mwanawe mkubwa, Inger, ndiye moyo wa nyumba. Anakufa kwa uzazi. Mwishoni Johannes, akiwa amerudiwa na akili zake na ameshikana mkono na binti mdogo wa marehemu, anaomba mbele ya jeneza lililo wazi, na Inger anafumbua macho.

Tazameni mkasi ulivyopita. Katika tamthilia ya Munk, wazimu wa Johannes una chanzo kinachoeleweka: mchumba wake alikufa katika ajali ya gari. Dreyer alimwondoa mchumba. Akabakiza jibu moja tu, linalotolewa pale mchungaji mgeni anapodhani kijana aliharibiwa na mapenzi: ni kwamba alisoma mno vitabu vya mwanafalsafa Søren Kierkegaard. Kwa kukata sababu ya kibinadamu, Dreyer alitunyang'anya njia rahisi ya kumhurumia Johannes. Tunabaki tunamsikiliza. Maneno ya Munk nayo yalipunguzwa sana, yakabaki mazungumzo ya watu waliozoea kukaa kimya pamoja.

Jiko la Borgen lilipangwa kwa njia hiyohiyo. Kwanza Dreyer aliamuru liwekwe kila kitu ambacho mwanamke wa shamba la Jutland angekuwa nacho. Kisha akaanza kuondoa, kimoja baada ya kingine, hadi vikabaki vile vichache visivyoondoleka. Kwake jiko na tamthilia vilikuwa kazi moja, na nawasihi wanafunzi wa tamthilia mkumbuke mpangilio huo: alijaza kwanza. Mtu asiyejua vyombo vyote vya jikoni hawezi kujua ni sufuria ipi inatosha kusema nyumba nzima.

Ordet ilishinda Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1955. Birgitte Federspiel, aliyeigiza Inger, ataonekana tena akiwa mzee katika Babettes Gæstebud ya Gabriel Axel, ya mwaka 1987, iliyotokana na hadithi ya Karen Blixen, yule Mdenmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931. Axel aliwaita kwa makusudi waigizaji wa Dreyer, akiwemo aliyekuwa Johannes.

Gertrud, ya mwaka 1964, ndiyo ya mwisho. Tamthilia yake iliandikwa na Hjalmar Söderberg wa Uswidi mwaka 1906: mwanamke anamwacha mume, anamwacha mpenzi wa zamani, anaachana na mpenzi mpya, kwa kuwa hakuna kati yao aliye tayari kumpa mapenzi nafasi ya kwanza. Lakini filamu ina sehemu ambayo Söderberg hakuiandika, inayomwonyesha Gertrud akiwa mzee, peke yake, asiyejuta. Sehemu hiyo ilitoka kwa mtafiti. Mwaka 1962 Sten Rein alichapisha utafiti kuhusu tamthilia hii na kuhusu Maria von Platen, mwanamke ambaye Söderberg alimpenda na kumfanya kiolezo cha Gertrud. Dreyer aliusoma, akaona kwamba mwanamke halisi aliishi baada ya tamthilia kufunga pazia, akamrudishia uzee wake. Wenzangu mnaoandika tasnifu mkidhani zitalala rafuni, huyu hapa mzee wa miaka 75 aliyezisoma, akapata humo mwisho wa filamu yake.

Paris iliipokea kwa miguno na kejeli. Kamera husogea polepole, na watu huketi wakizungumza bila kutazamana. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nasadiki zaidi kwamba waliokejeli walikosea.

Miaka hiyo yote Dreyer alikuwa akisimamia sinema ya Dagmar mjini Copenhagen, kwa leseni ya serikali aliyopewa mwaka 1952. Aliandika muswada wa Medea, ambao Lars von Trier aliutumia kwa televisheni ya Denmark mwaka 1988. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alibeba kazi aliyoiona kubwa kuliko zote, filamu ya maisha ya Yesu. Alisoma historia ya Palestina chini ya Warumi na akajifunza Kiebrania. Fedha zilisubiriwa karibu miaka 20. Dreyer alifariki tarehe 20 Machi 1968 bila kupiga hata picha moja ya filamu hiyo, na mwaka huohuo muswada wake ulichapishwa kuwa kitabu.