Mboga za Mwitu Mwanzoni mwa Masika: Kuchuma, Kuchambua na Kupika kwa Usalama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wachuuzi wa mboga na wanunuzi wao)



Mvua za kwanza za masika zikishanyesha, hazipiti wiki nyingi kabla mashamba, mabonde na kando za njia hazijafunikwa na majani ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Ndipo mchicha pori, mgagani, mnavu, mlenda na mchunga vinapoonekana sokoni, vimefungwa mafungu mafungu na kunyunyiziwa maji. Akiba ya ghalani imepungua, mavuno mapya bado yako mbali, na katika nyumba nyingi majani haya ndiyo kitoweo cha kila siku. Hatukuja kuwatisha watu wasiyale. Yana madini ya chuma na kalisi, na mwili huyatumia kujitengenezea vitamini A. Tumekuja kwa sababu mboga isiyopandwa haina mdhamini: hakuna aliyeichagulia mbegu, na mara nyingi anayeiuza hajui kilichopuliziwa pale ilipoota.

Juu ya meza hii tumeweka mafungu mawili ya miche michanga. La kushoto ni mnavu, la kulia ni mnanaha. Tuliwaalika wachache wenu mbele wayatazame kabla hatujasema lolote, na baadhi yao walikosea. Si aibu. Mnanaha ukishakomaa kila mtu huujua, kwa ua lake mfano wa tarumbeta na tunda lake lenye miiba. Lakini mwanzoni mwa mvua hauna ua wala tunda, nao huota katika udongo ule ule wenye rutuba unaopendwa na mchicha na mnavu. Mkono unaochuma kwa haraka huchukua vyote pamoja. Likunjeni jani na kulisugua kwa vidole: la mnanaha hutoa harufu mbaya, nzito, na kadiri linavyokua kingo zake huwa na meno makubwa yasiyolingana. Baada ya kulisugua, nawaombeni mnawe mikono.

Sumu ya mnanaha haiondoki kwa kupika, na jambo hili tunalirudia kila tunapokwenda. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu wapatao mia tatu waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa unga wa msaada. Uchunguzi uliukuta unga huo umechanganyika na sumu za mimea ya jamii hii. Uji ule ulikuwa umepikwa. Anayekula sumu hiyo hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio, ngozi huwa ya moto na kavu, kisha huanza kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Jamaa wa mgonjwa wamepata kudhani kwamba ni mashetani, na saa zikapotea. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, msimtapishe kwa nguvu, tena mchukue mabaki ya mboga, mabichi na yaliyopikwa, ili mganga aone kilicholiwa.

Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa wachuuzi ni lile ambalo lugha yetu imekwisha kulitunza: kuchambua. Chambueni jani moja moja kabla ya kufunga fungu. Mgagani hautawapa taabu, kwa kuwa vijani vyake, kwa kawaida vitano, hutoka mahali pamoja kama vidole vya mkono. Mnavu ndio unaohitaji macho. Hapa inafaa tuondoe hofu moja: vitabu vya Ulaya vinautaja mmea mmoja wa jamii yake unaoua, na wasomaji wengine wamedhani ndio mnavu wetu. Mmea ule hauoti porini kwetu. Hata hivyo, matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yana sumu, nayo yatupwe. Mlenda nao uchumwe kabla haujafunga mbegu. Majani ni chakula chema, ila mbegu zake zina sumu inayodhuru moyo.

Mahali pa kuchuma pana uzito sawa na kile kinachochumwa. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini madini ya risasi hayaozi. Yaliyoangukia kando za barabara kuu yangalimo udongoni. Mabonde yanayopokea maji machafu ya mijini, kama bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, hustawisha mboga za kupendeza macho ambazo vipimo vimekuta ndani yake metali nzito. Kuosha huondoa vumbi, hakuondoi kilichopandishwa na mizizi. Vilevile dawa ya kuua magugu: shamba lililopuliziwa laweza kubaki la kijani kwa siku kadhaa kabla majani hayajanyauka. Muulizeni mwenye shamba. Akisita kujibu, nendeni kwingine.

Sasa tuingie jikoni. Osheni majani yakiwa mazima, katika maji safi mara tatu au zaidi, mpaka mchanga usionekane chini ya beseni, ndipo mkate. Wanaokata kwanza wakaosha baadaye humwaga sehemu ya vitamini pamoja na maji. Mayai ya minyoo hung'ang'ania majani, kwa hiyo mboga zilizookotwa zisiliwe mbichi.

Mchicha mchanga hautaki kuchemshwa muda mrefu, na kwa mtu mwenye afya maji yake hayana haja ya kumwagwa. Aliyewahi kupata mawe ya figo amwage. Mnavu na mgagani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha huungwa. Katika sehemu nyingi za Kenya mgagani huongezewa maziwa, na uchungu hupungua. Magadi hulainisha upesi, twakubali, ila huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Anayeshindwa kuyaacha atie kidogo. Mafuta kidogo au tui la nazi huusaidia mwili kuipata vitamini A, na limau likikamuliwa mezani huusaidia kuipata chuma.

Kisamvu si mboga ya mwitu, lakini kisamvu cha mpira huota hovyo nyuma ya nyumba nyingi, nacho kina sumu ya sianidi iliyofungika ndani ya jani. Kutwanga hakufanywi kwa ajili ya ulaini peke yake: jani likisagika, kimeng'enya chake hukutana na sumu ile na kuifungua, nayo hutoka kama hewa. Anayechemsha majani mazima kwanza hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu hubaki. Twangeni hadi majani yalainike kabisa, yaacheni kwa muda, kisha yachemsheni sufuria ikiwa wazi, mahali penye hewa. Mjue pia kwamba ugonjwa wa konzo, uliolemaza miguu ya zaidi ya watu elfu moja huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ulitokana na sumu hii katika mihogo michungu ambayo, kwa njaa na haraka, haikuandaliwa ipasavyo.

Tumeulizwa kuhusu karanga. Naam, mara nyingine kasoro haimo katika jani bali katika kiungo. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kukaanga hakuimalizi. Zitupwe, wala wasipewe kuku.

Mwisho ni kiporo. Mboga za majani zikilala nje usiku, vijidudu huweza kugeuza chumvi zilizomo kuwa kitu kinachozuia damu ya mtoto mdogo kubeba hewa. Mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kulishwa mboga kabisa. Yeye ananyonya tu. Aliyeanza kula apikiwe zile za siku hiyo, na zitakazobaki waachiwe wakubwa, zikiwa zimefunikwa mahali pa baridi na kuchemshwa upya asubuhi.