Ukarabati wa Nyumba Ustahili Nafuu ya Ushuru

Nchini Kenya, mwenye nyumba za kupangisha anayekusanya kodi ya shilingi 40,000 kwa mwezi hulipa Mamlaka ya Ushuru asilimia 7.5, yaani shilingi 3,000. Abadilishe mabomba yaliyooza, asibadilishe, ni zile zile 3,000, kwa kuwa ushuru huu hutozwa kabla ya kutoa gharama yoyote. Anayetaka gharama za ukarabati zizingatiwe sharti aiandikie Mamlaka ajiondoe kwenye mpango huo.

Anayeishi kwenye nyumba yake ana nafuu nyingine. Riba ya mkopo wa kununua au kuboresha makazi humpunguzia mapato yanayotozwa ushuru, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu Desemba 2024. Lakini mama aliyeezeka upya nyumba yake kwa mabati aliyonunua kwa akiba yake ya chama hapati chochote, kwa sababu hana mkopo wa nyumba.

Hapo sheria inamtunza mwenye deni na kumsahau mwenye akiba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bunge liruhusu sehemu ya gharama za ukarabati, zikiwa na risiti halali, zipunguze ushuru. Mwenye nyumba atadai risiti, fundi atapata kazi, na mpangaji hatavujiwa.