Usiku wa A&M: Dokumentari, Wimbo wa Njaa na Kiswahili Kilichokataliwa
Mhadhara wa umma, Songea, Mkoa wa Ruvuma

The Greatest Night in Pop, dokumentari ya mwongozaji Bao Nguyen iliyotoka Netflix Januari 2024, inahusu usiku mmoja tu. Jioni ya Januari 28, 1985, waimbaji zaidi ya 40 wa Marekani waliingia studio za A&M, Hollywood, na hawakutoka hadi kulipokucha. Walikuwa wakirekodi "We Are the World" kwa ajili ya waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Kamera zilikuwemo studioni tangu mwanzo, na mwandishi David Breskin wa jarida la Life alikuwa na kinasa sauti chake. Ndiyo maana filamu iliyotengenezwa karibu miaka 40 baadaye haitegemei kumbukumbu za wazee peke yake: picha na sauti za usiku ule zipo, na pale msimulizi anapotia chumvi, mtazamaji anajionea mwenyewe.

Kisa chenyewe, hata hivyo, kina mzizi wake Korem, kaskazini mwa Ethiopia, na aliyeshika kamera huko alikuwa mtu wa Afrika Mashariki. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaishi Tanganyika utotoni, na kampuni yake ya Camerapix aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963. Picha alizopiga Korem, zikiambatana na maelezo ya mwanahabari Michael Buerk, zilirushwa na BBC Oktoba 23, 1984, kisha zikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliziona, na Novemba 25 alikuwa ameshawakusanya wanamuziki wa Uingereza katika studio moja London kurekodi wimbo chini ya jina la Band Aid. Bila Amin pengine kusingekuwa na wimbo wa London wala wa Hollywood.

Aliyelivusha jambo hilo hadi Marekani ni mwimbaji Harry Belafonte. Kilichomkera ni kuona Wazungu wa Uingereza wakihangaikia Waafrika ilhali wasanii weusi wa Marekani wamekaa kimya. Alimpigia simu meneja Ken Kragen. Kragen akampata Lionel Richie. Richie na Michael Jackson wakatunga. Quincy Jones akawa prodyuza. Tarehe ilichaguliwa kwa hesabu ya kawaida kabisa: usiku ule zilitolewa tuzo za American Music Awards, kwa hiyo wengi walikuwa tayari mjini. Richie mwenyewe aliongoza sherehe, akanyakua tuzo sita, kisha akaenda kazini.

Kabla ya hapo kila mwimbaji alikuwa ametumiwa kaseti ya wimbo ili asije kujifunzia studioni. Mlangoni Jones alibandika kibao cha kuwataka waache maringo nje. Kiitikio kilirekodiwa kwanza, wote wakiwa wamesimama kwa safu, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Jones aliogopa kuwapa nafasi ya kujadili, maana kila mmoja wao alizoea kusikilizwa. Mistari ya kuimba mmoja mmoja ilikuwa imegawanywa mapema na mpangaji wa sauti Tom Bahler, kila sauti kwa mstari unaoifaa, wa chini kwa mwenye sauti ya chini na wa kupaza kwa anayeweza kupaza.

Cyndi Lauper alipoimba sehemu yake, vipaza sauti vilinasa mlio wa ajabu. Ukatafutwa, ikagundulika ni shanga na mikufu iliyokuwa ikigongana shingoni mwake. Akavua, akaimba upya. Bob Dylan naye alikwama. Hakujua aimbe vipi mbele ya watu wenye sauti kubwa kuliko yake, mpaka Stevie Wonder alipokaa kwenye piano na kumwigizia namna Dylan huimba. Dylan akamwiga aliyemwiga, na kazi ikaisha. Filamu za wasanii kwa kawaida huogopa kuonyesha woga wa namna hiyo. Hii imeupa dakika za kutosha, na ndizo dakika zake bora.

Kwa msemaji wa Kiswahili, lakini, tukio la kukaa nalo ni jingine. Katikati ya usiku Wonder alipendekeza uwepo mstari wa Kiswahili. Mjadala ukazuka, saa zikayoyoma, na mwimbaji wa kantri Waylon Jennings akaondoka zake. Geldof, aliyekuwepo studioni, akawakumbusha kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Pendekezo likafa.

Geldof alikuwa sahihi kuhusu Ethiopia, ila Wonder hakuokota lugha hiyo barabarani. Tangu Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 kwa istilahi za Kiswahili, lugha hii ilikuwa kwa Wamarekani weusi alama ya Afrika nzima. Belafonte mwenyewe, aliyesimama safu ya nyuma usiku ule, alikuwa ameimba "Malaika" na Miriam Makeba katika albamu yao ya mwaka 1965. Kosa lilikuwa kulichukulia bara kama kijiji kimoja, na halikukoma hapo: mwaka 1987 Jackson na Jones walitoa "Liberian Girl", wimbo wa msichana wa Liberia unaofunguliwa kwa Kiswahili cha Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Liberia nako hakisemwi.

Wanawake wawili wa Kiethiopia walifika studioni usiku huohuo kushukuru, na waimbaji wengine wakalia. Waafrika wenye jina hawakuwa kwenye safu. Mwaka huohuo wa 1985 Manu Dibango wa Kameruni aliwakusanya wenzake Paris, wakiwemo Youssou N'Dour na Salif Keita, wakarekodi "Tam Tam pour l'Éthiopie". Santuri hiyo haikupata hata sehemu ndogo ya umaarufu wa ile ya Hollywood.

"We Are the World" ilitoka Machi 7, 1985, ikauza nakala zaidi ya milioni 20 na kuchangisha zaidi ya dola milioni 60. Fedha hizo zilinunua chakula, dawa na mahema. Vita vya Eritrea na Tigray, pamoja na sera za utawala wa Mengistu nchini Ethiopia, vilivyougeuza ukame kuwa maafa, havikuwa jambo la wimbo kutatua. Ruvuma, mkoa wa mahindi wenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Songea, inajua kwamba shehena ya msaada hufika baada ya mvua kukosekana, na ghala hujazwa kabla.

Afrika Mashariki nayo imefuata mtindo huo wa wasanii kuungana katika wimbo, kwa namna yake. Wasanii wa bongo fleva waliungana mwaka 2010 katika kampeni ya Zinduka dhidi ya malaria. Mwaka 2014 Diamond Platnumz alikuwa mmoja wa wasanii 19 wa Afrika walioimba "Cocoa na Chocolate" pamoja na D'banj, na mwaka 2015 Vanessa Mdee akawemo katika wimbo wa "Strong Girl". "Cocoa na Chocolate" haukuomba mchango wa mtu. Uliwadai viongozi wa Afrika ahadi waliyoitoa Maputo mwaka 2003, ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Juni 2014, kule Malabo, waliirudia ahadi hiyo kwa maandishi.