Dawa ya Ganzi: Tuulize Kwanza, Tupake Baadaye



Leo tuzungumze juu ya dawa za kupaka zinazotia ganzi: zile jeli za ufizi wa mtoto anayeota meno, na zile za ngozi. Wengi wetu hudhani dawa isiyomezwa haina madhara. Sivyo. Hupenya ikaingia katika damu, hasa penye kidonda au ikipakwa mara kwa mara.

Kazi ya damu ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuigawa mwilini. Sasa, benzokaini na prilokaini zaweza kuigeuza damu ishindwe kuigawa. Midomo na kucha huwa kijivu au buluu, mtoto hupumua kwa shida na kulegea. Tukiona hivyo, tusingoje kesho. Twende hospitali mara moja, na ile dawa tuibebe.

Ni nani walio hatarini zaidi?

Kwanza, watoto wadogo. Mwaka 2018 idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba benzokaini isitumiwe kwa meno ya mtoto aliye chini ya miaka 2. Mwaka 2014 ilikuwa imeonya juu ya lidokaini ya majimaji, kwa maana mtoto akimeza nyingi aweza kupata degedege na kuumia moyo.

Pili, waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu huonekana zaidi sehemu zenye malaria, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria.

Tatu, wanaotumia Septrin, dapsoni au primakwini. Hizi nazo zaweza kuigeuza damu vilevile. Zikikutana na ganzi, hatari huongezeka.

Nne, wenye ugonjwa wa ini au wa moyo. Ini ndilo linaloondoa lidokaini mwilini. Likiwa gonjwa, dawa hukaa na kuzidi.

Basi tufanye nini? Ufizi tuusugue taratibu kwa kidole safi, au mtoto atafune kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi. Na dukani, kabla ya kutoa pesa, tuseme mambo 3: umri wa mgonjwa, dawa anazotumia, na magonjwa aliyo nayo. Muuzaji asipojua kujibu, twende zahanati.

Kuuliza si ujinga, jamani. Midomo ya mtoto ikishageuka buluu, tumechelewa kuuliza.