KIPIMO CHA KUMI NA FAIDA YAKE KWA MFANYAKAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo sikuja kusema habari za mshahara, bali habari ya kitu kinachoweza kuula mshahara kimya kimya. Kitu hicho ni kipimo.

Wazee wetu waliofanya kazi wakati wa ukoloni walipimiwa kwa vipimo vya Kiingereza. Inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, yadi 1,760 ni maili. Katika uzito, wakia 16 ni ratili, na ratili 2,240 ni tani. Kila hatua ina hesabu yake ya kukariri. Karani aliijua, kuli hakuijua. Na asiyejua hesabu hupokea anachopewa.

Mita na kilo huenda kwa kumi. Sentimita 100 ni mita, mita 1,000 ni kilomita. Gramu 1,000 ni kilo, kilo 1,000 ni tani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi pipa la lita 200 likijaa maji, mpagazi ajua kuwa maji hayo ni kilo 200, wala hamwulizi mtu. Hesabu hii si ngeni kwetu, maana shilingi yetu ni senti 100. Waingereza wenyewe walihesabu peni 12 kwa shilingi mpaka mwaka 1971, ndipo wakaacha.

Labda mtu atasema, "Mambo ya futi yamekwisha." Hayajakwisha, ndugu. Tangu Uhuru nchi yetu imechagua mita na kilo, lakini mbao bado zauzwa kwa futi, misumari kwa inchi, na mashamba kwa ekari. Hapo ndipo tunapopunjwa.

Mwenzetu aweka akiba miaka mingi anunue ploti ya "hamsini kwa mia". Aambiwa ni moja ya nane ya ekari. Haya, tuhesabu. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ni futi za mraba 43,560, na moja ya nane yake ni 5,445. Zimepungua 445, nafasi ya kutosha nyumba ndogo! Kwa mita, ni mita za mraba 465 badala ya 506. Hati huandikwa kwa hekta, na hekta ni mita 100 kwa mita 100. Ajuaye hayo huyaona mapungufu kabla ya kutoa fedha.

Hata wataalamu huponzwa. Mwaka 1983 ndege moja ya Kanada ilijazwa mafuta kwa hesabu ya ratili badala ya kilo. Mafuta yakaisha angani. Rubani aliiteremsha bila injini, na watu wote wakapona.

Basi nawaomba mambo matatu. Fundi, pima kwa mita na uandike. Mchuma chai, tazama mizani isimame kwenye sufuri kabla ya kupimiwa, na kilo zako ziandike mwenyewe kila siku. Mnunuzi wa ploti, uliza mita za mraba kwanza, bei baadaye.

Mali bila daftari hupotea bila habari.