Mtoto Amechoka: Tumjue Kabla Hajalia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya kisiwa cha Pate)

Tumeombwa tuzungumze juu ya watoto wachanga. Huenda wengine mnasema moyoni, "Haya, chanjo tena na uji tena." La, leo sivyo. Leo tunazungumza juu ya usingizi.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Siku moja tulikuwa katika mkutano wa kikundi, akina mama wanasuka ukili huku hesabu ya akiba inasomwa. Mtoto wa miezi minne akaanza kulia. Mamake akampa ziwa, akalikataa. Jirani akambeba, akamrusharusha. Mmoja akasema ana tumbo, apewe maji ya sukari. Mwingine akasema ati kapigwa jicho. Mtoto akapita mapaja saba na kilio kinazidi tu. Hesabu ikasimama.

Mwisho bibi mmoja akasema, "Mwana huyu hana njaa wala hana jicho. Amechoka na kelele zenu." Akampeleka chumba cha ndani kisicho na mwanga mwingi, akamlaza begani, akamwimbia polepole. Hatukumaliza kurasa mbili za daftari, mtoto kimya.

Bibi yule hakufanya uganga. Alijua kusoma dalili. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mtoto naye ana mawingu yake. Kilio ndiyo mvua yenyewe. Ukingoja mpaka kilio, umeshachelewa.

Alale kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Ukijumlisha usingizi wa usiku na wa mchana, mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi 3 anahitaji saa 14 hadi 17. Wa miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14.

Jamani, saa hizo ni nyingi! Lakini mtoto mchanga hazilali kwa mkupuo mmoja. Hulala kidogo, akaamka kunyonya, akalala tena. Wa wiki za kwanza huweza kukaa macho kama saa moja tu, kisha amechoka. Wa miezi minne, saa moja na nusu au mbili. Kwa hiyo mtoto aliyeamka adhuhuri ikiadhiniwa hawezi kungoja alasiri bila kusinzia. Tena watoto hawafanani, basi mtazame wako, usimpime kwa wa jirani.

Mawingu yenyewe

Kwanza mtoto hupoa. Alikuwa akicheza na ncha ya leso yako, sasa anaiachia. Anatazama mbali, hakutazami usoni. Nyusi na kope zinaanza wekundu. Huu ndio wakati mzuri wa kumlaza, na ndio wakati tunaoukosa, manake mtoto ametulia na sisi tunasema, "Ahsante, nimalize ukili wangu."

Pili, anapiga miayo, anasugua macho, anavuta sikio, anajificha uso kifuani mwako. Bado hujachelewa, lakini usikawie.

Tatu, anakunja ngumi, anajipinda mgongo, analia na hataki lolote. Hapo uchovu umepita kiasi, mwili wake umewaka badala ya kupoa, na kumlaza ni kazi. Watu humwita mkorofi. Kumbe maskini ana usingizi!

Wengi huchanganya usingizi na njaa. Mwenye njaa hugeuza kichwa akitafuta ziwa, hufungua mdomo, hunyonya mkono. Ukiwa na shaka, mpe ziwa kwanza. Akikataa au akinyonya kidogo akaliachia, fikiria usingizi. Maji ya sukari usimpe, kwani mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa jua kali la kaskazi.

Tumlaze vipi

Mtoe penye kelele na mwanga. Redio ipunguzwe. Mwimbie, mbembeleze, mfanyie lile lile kila siku, naye atajua kwamba sasa ni kulala. Asubuhi mtoe nje aone mwanga, na usiku taa iwe ndogo, maongezi yawe machache. Mtoto mchanga hajui usiku na mchana. Hujifunza polepole katika miezi ya kwanza.

Mlaze chali, si kifudifudi, mahali palipo sawa na pagumu kidogo, bila mto na bila leso nyingi usoni. Na awe ndani ya chandarua chenye dawa, hata akilala mchana.

Neno moja la kukemea. Wako wanaompa mtoto dawa ya maji ya kikohozi au ya mafua ili alale, mama apate kufanya kazi. Tusifanye hivyo! Dawa hizo zinaweza kumpunguzia mtoto pumzi. Usingizi wa dawa si mapumziko.

Usingizi ambao si usingizi

Hapa tunawaomba mtusikilize sana. Tulimjua mama aliyefurahi kwamba mwanawe amelala tangu asubuhi. Akasema, "Leo amechoka, mwacheni." Alasiri akajaribu kumnyonyesha, mtoto hakushika ziwa. Akamgusa, anawaka moto. Tukakimbia pwani, lakini maji yalikuwa yametoka na mashua imekaa mchangani. Tulingoja maji yajae huku tumempakata mtoto, kila mmoja anatazama bahari na hakuna anayesema neno. Mtoto yule alifika hospitali, akatibiwa malaria, akapona. Lakini saa zile za kungoja hatujazisahau.

Mtoto mwenye usingizi wa kawaida ukimwamsha huamka, hata kama kwa hasira, na hunyonya. Usingoje kesho ukiona haya:

1. Haamki vizuri, au amelegea kama kitambaa.
2. Hanyonyi, au anatapika kila kitu.
3. Ana homa, au mwili umekuwa baridi isivyo kawaida.
4. Anapata degedege.
5. Anapumua mbio. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi mwaka, ni 50 au zaidi.

Mpeleke kituo cha afya, na njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza.

Kikundi kifanye nini?

Mtasema, hii ni kazi ya mama, kikundi kinaingiaje? Kinaingia sana. Mama asiyelala hawezi kusuka wala kushika hesabu. Basi mikutano ipangwe saa ambayo watoto wengi wamekwisha lala, au pawe na chumba kimoja kimya na mtu wa zamu wa kuwatazama. Akina baba nao, mtoto akibebwa na babake hulala vile vile, na hakuna heshima inayopungua.

La mwisho, tuweke fungu dogo la pesa, mbali na lile la mchezo wa kuchangiana, liwe la mafuta ya boti. Na tujue ni nahodha gani anayeweza kugongewa mlango usiku, na ni wapi boti hupata kina maji yakiwa yametoka. Mambo hayo tuyajue leo, tukiwa tumekaa hapa kwa raha.

Maswali ya kujadiliana

Mwanao alipolia mara ya mwisho, ulimpa nini kwanza, na kwa nini?
Katika kijiji chenu, mtoto akiugua usiku maji yametoka, ni nani atakayefanya nini?

Na huyo mtoto wa pale mbele anayesugua macho, mamake naomba usione haya. Inuka tu, ukamlaze.